Pengo Lililopaliliwa

Marselina alikuwa na ugonjwa usiotibika zahanati: hakuweza kumsikia wifi yake akisifiwa. Sifa ikitajwa tu, hata iwe ya chumvi iliyokolea kwenye mlenda, roho ilimuuma, naye akainuka kufagia mahali alipokwisha kufagia. Na katika kijiji kile cha milimani, juu ya Kilosa, sifa za Mwanne zilikuwa haziishi.

Cha kuudhi zaidi, kila asubuhi ilimbidi amwamkie. Mwanne alikuwa mkubwa kwao. Ndiye aliyemlea mdogo wake Fortunatus, mume wa Marselina, baada ya baba yao, mkata mkonge, kufariki, na Fortunatus hakumruhusu mtu ampite dada yake bila shikamoo, sembuse mke wake mwenyewe.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, wifi yangu. Saa hizi umeshatoka shamba? Hivi umeolewa na kaka yangu au umeolewa na jembe?"

Wanawake waliokuwa kisimani walicheka. Utani wa wifi haukasirikiwi, hiyo ndiyo desturi, kwa hiyo Marselina naye alicheka, kwa meno ya mbele tu. Lakini mwacheni na jembe lake. Shamba lake lilikuwa safi kiasi kwamba kuku akipita unamhesabu vidole. Shamba la Mwanne, kinyume chake, lilikuwa aibu ya ukoo. Mahindi yake yaliishi na magugu kama ndugu wa baba mmoja, na ukitaka kuingia humo ulichukua panga. Watu waliliona, wakatikisa kichwa, na jioni wakaenda kukaa uani kwa Mwanne vilevile, kwa sababu alikuwa na maneno matamu na chungu chake hakikukosa kitu. Fortunatus alikula kwa dada yake kwanza, ndipo akarudi nyumbani kudokoadokoa.

Marselina hakutaka makubwa. Alitaka sentensi moja. Alitaka siku moja, mbele za watu, Fortunatus amwambie dada yake, "Jifunze kwa wifi yako." Basi. Tangu aolewe alikuwa akiingoja, na watoto wamezaliwa, wamekwenda shule, sentensi haijaja.

Sasa mwaka wa zile mvua kubwa, upepo uliangusha miti miwili mikubwa katika msitu wa kijiji, mmoja juu kilimani, mwingine chini karibu na korongo. Mti wa umri ule hauanguki peke yake. Huburuta majirani zake na kamba zote za porini zilizouzunguka, na juu hubaki tundu, jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia, kama nyumba iliyoezuliwa bati.

Gerald, afisa misitu kutoka Kilosa mjini, alikuja na kuwakusanya wanakamati wa msitu, Marselina na Mwanne wakiwamo. Alikuwa kijana mpole, mwenye kusema polepole.

"Msitu una paa," alisema. "Paa likitoboka, chini kila kitu kinabadilika: joto, unyevu, wadudu, ndege. Mbegu zilizolala gizani miaka mingi zinaamka. Tunataka kujua nani anaota kwanza, nani anamfuata, na paa linajiziba vipi. Kwa hiyo kwenye mapengo haya hatupandi, hatupalilii, hatukati. Tunatazama."

Marselina, mkulima mtoto wa wakulima, hakuwahi kusikia kazi ya kutazama magugu. Lakini aliposikia kwamba kila pengo litapewa mwangalizi wake, na kwamba mvua zikiisha mwangalizi mmoja atachaguliwa kwenda Mikumi kusimama mbele ya walinzi wa misitu wa vijiji vingine na kueleza habari za pengo lake, mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooka. Wa Mwanne ulikuwa wa pili. Kura ikampa Marselina pengo la kilimani, na Mwanne lile la korongoni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila mwezi ulisimama penye kigingi kile kile, ukaweka simu juu yake ikitazama mbinguni, ukapiga picha ya tundu. Kisha ulipiga ya chini, ukapima urefu wa miche ya mkangazi, mti wa mbao za thamani, iliyojiotea humo na kufungwa utepe mwekundu, ukaandika ndege na wanyama uliowaona. Ukishuka mahali penye mtandao, ulimtumia Gerald.

Ikatokea kitu ambacho Marselina hakukitarajia. Pengo la Mwanne likajaa. Mipesi, miti inayowahi kuota penye jua, ilichomoza kwa fujo, kamba za porini zikapanda juu ya gogo lililoanguka, miiba ikashikana na majani mapana yasiyo na jina. Kima walikuja kula matunda madogo ya mipesi, hondohondo wakatua na kuacha mbegu za mbali. Kwenye mkutano wa kijiji Gerald alionyesha picha za korongoni na kusema pengo lile linaponya jeraha lake vizuri kuliko alivyotegemea. Watu wakapiga makofi.

"Dada yangu hata kwa magugu ni bingwa," Fortunatus alisema, akicheka kwa fahari.

Marselina alipiga makofi kwa ncha za vidole. Moyoni alikuwa anachemka. Mwanamke aliyeshindwa kupalilia nusu eka leo anashangiliwa kwa magugu, na yeye mwenye mikono iliyoota sugu anakaa kwenye benchi la nyuma kama mgeni wa msibani. Dunia gani hii?

Kesho yake alipanda kilimani na jembe.

Alianza kwa huruma, au ndivyo alivyojiambia. Kamba moja ilikuwa imeunyonga mche wa mkangazi, akaivuta. Jirani yake palikuwa na mpesi ulioukinga mche mwingine na jua, akaung'oa nao. Mkulima akiona gugu mkono unamwasha, na ukishaanza hujui pa kuishia. Jua lilipozama, pengo la kilimani lilikuwa limefagiliwa kama kiwanja cha harusi, na miche ya mkangazi imesimama peke yake kwenye udongo mtupu, utepe mwekundu shingoni. Picha ya mbinguni ilikuwa ileile, maana mbingu haina magugu. Picha ya chini aliipiga karibu sana, majani ya mche yakajaza kioo chote.

Miche ikaruka. Kwa wiki chache ilirefuka kwa kasi ya kushangaza, majani yakang'aa, na Gerald akamwandikia kwenye simu kwamba miche yake imeipita ya korongoni. Marselina alimsomea mumewe ujumbe huo akiwa anakula.

"Safi sana," alisema Fortunatus, akimega ugali. "Dada ameshajua? Mpigie, atafurahi."

Usingemlaumu Marselina kwa kukwangua sufuria siku ile mpaka ikatoboka.

Kisha vichwa vya miche vikaanza kufa. Mche wa kwanza aliudhania kiu. Wa pili ulikuwa umeinamisha ncha, jani changa limekauka na kuwa jeusi, na alipoligusa likadondoka. Mwezi uliofuata hapakuwa na mche hata mmoja wenye kichwa kizima. Marselina alisimama katikati ya udongo wake safi, akatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na kima hapo, hapakuwa na ndege, hapakuwa na nyayo za paa. Basi ni nini? Ni mkono wa mtu. Na mtu gani anapata faida miche ya Marselina ikifa? Akakumbuka Mwanne alivyomuuliza kisimani, na tabasamu lake lile, "Wifi, miche yako bado inaruka?"

Hakuhitaji shahidi. Alishuka moja kwa moja hadi korongoni.

Ilimbidi apite akiwa ameinama, kanga ikinaswa na miiba. Ndani ya pengo palikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Aliitafuta mikangazi ya Mwanne na mwanzo hakuiona. Aliposogeza matawi ya mpesi ndipo akaiona, chini ya kivuli, mmoja baada ya mwingine, imenyooka, mizima, vichwa vyekundu vyekundu vya majani machanga vikitazama juu bila wasiwasi. Mirefu kuliko yake. Hakuna aliyeipalilia, hakuna aliyeihurumia, na bado ilikuwa mirefu kuliko yake.

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakaziba. Alishika ncha ya mche wa kwanza na kuivunja. Ilitoa mlio mdogo na utomvu ukamchafua kidole. Akaenda kwenye wa pili, akaenda kwenye wa tatu, akapanda hivyo kutoka ukingo wa korongo hadi juu mwisho wa pengo. Hakukimbia wala hakulia. Alirudi nyumbani, akapika, akala vizuri.

Siku ya upimaji Gerald alikuja na Cleopa, mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye methali kwa kila jambo. Fortunatus alikuwapo pia, kwa sababu alikuwa mtu wa doria. Mawifi wawili walifuata nyuma. Walianzia kilimani.

Gerald alipofika ukingoni mwa pengo alisimama ghafla.

"Nani amepalilia hapa?"

"Mimi," alisema Marselina. "Magugu yalikuwa yanaibana miche." Alisema bila aibu, maana katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa ubaya.

Gerald alikata ncha ya mche uliokauka na kuipasua katikati kwa kisu kidogo. Ndani palikuwa na handaki lililojaa unga wa kahawia, na mwisho wa handaki kiwavi mnene, wa rangi ya samawati, alijikunja kuukimbia mwanga.

"Mtoto wa nondo," alisema Gerald. "Mama yake hutaga kwenye ncha changa. Mkangazi ukisimama peke yake juani, umenenepa, nondo anauona haraka. Ukiwa umejificha chini ya mipesi, mara nyingi anaupita. Mama, yale uliyoyang'oa yalikuwa yaya wake."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Cleopa.

Marselina hakumjali kiwavi. Alikuwa akifikiria korongo. Alisema mvua inakuja, alisema labda korongoni waende siku nyingine, alisema tumbo linamuuma. Fortunatus alimwambia apumzike chini ya mti kama anaumwa. Hakuweza kupumzika. Aliwafuata.

Korongoni Gerald alipasua ncha iliyovunjika, akapasua ya pili. Kiini cheupe, safi, bila tundu. Akarudia kwa wa tatu ili awe na hakika.

"Huku hakuna mdudu," alisema. "Huku kuna mkono."

Cleopa kwa mara ya kwanza hakuwa na methali. Alisema tu kwamba aliyefanya hivi, awe nani, hana nafasi katika kamati ya msitu. Fortunatus aliuma meno, akitazama vichakani kana kwamba mhalifu yumo humo bado.

Mwanne alizunguka pengo lake, mche hadi mche, kuanzia ukingo wa korongo kwenda juu, kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Alipofika mwisho aligeuka, akamtazama Marselina. Marselina alingoja jina lake litoke.

"Ni mimi," alisema Mwanne.

Wote walimgeukia.

"Nilikuja kuchuma mboga za porini, nikawa navunja vunja tu huku nawaza yangu. Mnanijua nilivyo."

Walimjua, ndiyo. Ndiyo maana waliamini mara moja. Fortunatus alivua kofia, akaivaa tena, uso umemwiva kwa aibu.

"Dada, kweli? Kitu cha kijiji kizima unakifanya kama lile shamba lako? Jifunze kwa wifi yako. Yeye amekosea kwa kupenda kazi, wewe umekosea kwa kupuuza. Jifunze kwa wifi yako, dada."

Ndiyo hiyo. Imekuja, tena mara mbili, mbele ya mwenyekiti na afisa wa serikali. Marselina alikuwa amedhani siku hiyo atapiga vigelegele moyoni. Kama kulikuwa na wakati wa kusema, ulikuwa ule, na hakusema. Alitazama viatu vyake vyenye tope.

Mwanne aliondolewa kwenye kamati palepale, chini ya mipesi yake. Na Gerald aliamua kwamba atakayekwenda Mikumi ni Marselina. Alieleza wazi kwamba si zawadi: pengo lililopaliliwa limewafundisha jambo, na vijiji vingine vilisikie kabla havijachukua majembe.

Wakishuka, Marselina alijikokota hadi akawa nyuma na wifi yake.

"Wifi, kwa nini?"

"Kwa nini nini?" alisema Mwanne. "Tembea, mvua inakuja kweli."

Siku zilizofuata Marselina alipata kila alichokuwa akikitaka. Fortunatus aliacha kula kwa dada yake. Alikula nyumbani, alishiba nyumbani, aliwaambia watu dukani kwamba mke wake anakwenda Mikumi kufundisha. Kisimani kila asubuhi ilikuwa shikamoo wifi, marahaba, basi. Hakuna neno la jembe, hakuna utani. Marselina hakujua kwamba kukosa kutaniwa kunauma hivyo. Na katikati ya maumivu hayo, amini usiamini, wivu wake ulikuwa mzima wa afya. Aliinamia chungu na kunong'ona, "Hata kwa wema amenizidi." Hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote.

Ukumbi wa Mikumi ulikuwa karibu na barabara kuu, na malori yaliyokuwa yakishuka kuelekea hifadhini yalivuma hadi wasemaji wakangoja yapite. Fortunatus alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi. Mwanne alikaa nyuma kabisa. Alikuwa amejilipia nauli, na alipoulizwa amefuata nini alisema amekuja kumsikia wifi yake.

Marselina alisema vizuri, tumpe haki yake. Picha zake zilipotokea ukutani alieleza paa la msitu na tundu lake, jua na mbegu, yaya na nondo. Alikiri alipalilia mahali palipokatazwa, na watu wakacheka kwa upole, maana wengi wao walikuwa wakulima na mikono yao iliwasha vilevile. Kisha Gerald akaweka picha ya korongoni, mikangazi isiyo na vichwa, akasema kwa kifupi kwamba hii iliharibiwa na mtu kwa uzembe, na wakaendelea mbele.

Mtu mmoja aliinua mkono. Alikuwa mfugaji kutoka kijiji cha bondeni, jina lake Sempele, shuka begani, mlinzi wa msitu wa kwao.

"Turudi kwenye picha ile," alisema. "Nataka kujua ilijulikanaje nani amevunja. Maana kwetu mche ukivunjika hawaulizi, wanasema ni ng'ombe wa Sempele. Nami nimeshalipia miche ambayo ng'ombe wangu hawakuiona kwa macho. Huyo mliyemsema, mlimuona, au ni kwa sababu mlimzoea?"

Ukumbi ulicheka kidogo. Lori lilipita. Marselina alingoja limalizike kupita, na lilipomalizika hakuwa na kisingizio kingine. Alimtazama Fortunatus na shati lake lililonyooka. Akajua kwamba akifungua mdomo, ile sentensi yake itarudi ilikotoka na haitakuja tena.

"Hawakumuona," alisema. "Walimzoea. Miche ile niliivunja mimi. Niliivunja kwa wivu, kwa sababu ilikuwa mizuri kuliko yangu."

Gerald aliinamisha kichwa. Fortunatus hakuinamisha chake. Alimtazama mkewe, kisha akageuka polepole kwenye kiti, akamtafuta dada yake kule nyuma.

Baadaye Marselina alitoka nje peke yake. Fortunatus alikuwa amesimama kando ya barabara, ameupa ukumbi mgongo, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mwanne alikuja na kusimama karibu na wifi yake, kivulini mwa ukuta.

"Uliniona siku ile?" aliuliza Marselina.

"Sikukuona. Ningekuonaje? Lakini ilivunjwa kwa mstari, wifi, kutoka chini kwenda juu, haukurukwa hata mmoja. Ingekuwa mimi, ningeacha nusu."

Marselina alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa kwa nini ulinificha?"

Mwanne alikuwa anamtazama kaka yake.

"Kabla hujaja, Fortunatus alikuwa ananipalilia shamba langu. Kila mwaka. Siku zote ndiye aliyelipalilia, mimi jembe sikuliweza tangu zamani. Ulipokuja, akaacha, na watu wakaanza kuniita mvivu. Nikasema moyoni, ipo siku huyu atafanya baya, na mimi nitalibeba, na siku kaka yangu atakapojua, atakuja kwangu kuniomba radhi kwa magoti. Sasa umeniharibia, umesema mwenyewe."

Marselina alimtazama wifi yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani wivu ni wake peke yake.

"Shikamoo, wifi," alisema, ingawa asubuhi walishaamkiana.

"Marahaba," alisema Mwanne. "Jumatatu uje shambani kwangu na jembe. Na usiruke mstari."